Koti Namba Kumi na Nne na Mteja wa Arobaini

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumatatu. Bwana Harusi anapekua mifuko.

Makoti kumi na moja yamerudi kutoka harusi za mwisho wa wiki. Yananing'inia kwenye bomba la chuma ukutani, nyuma ya duka. Ni ya zile suti ziitwazo taksido: nyeusi, ukosi wa satini unaong'aa, na leo zote zinanuka marashi yaliyochanganyika na jasho. Analishusha koti moja, analilaza mezani, anaweka kiganja mgongoni mwake kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Midomo yake inatikisika kidogo. Ndipo vidole vinaingia mfukoni.

“Namwombea aliyelivaa,” anaeleza, bila kuona haya. “Jumamosi watu wote walikuwa wanamwombea. Jumatatu wamekwisha kumsahau, na Jumatatu ndiyo ndoa inaanza.”

Mfuko ulio wazi ni mmoja tu, wa ndani, upande wa kushoto. Mingine yote ameishona kwa uzi mwembamba, kwa sababu mwanamume akipewa mfuko ataujaza: simu, funguo, chupa ya maji. Koti linavimba kiunoni na picha zinaharibika. Huo mmoja huuacha kwa ajili ya karatasi ya hotuba.

Leo umetoa kijiti cha meno, vidonge viwili vya tumbo na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mstari wake wa kwanza una maneno mawili tu, “Mke wangu”, yaliyokatwa na kuandikwa upya mara tatu. Anaitia karatasi ndani ya kopo la biskuti lililojaa karatasi nyingine. Wenyewe wakizikumbuka watazifuata. Katika miaka kumi na tisa wamekuja watu wanne.

Kisha analifunua koti upande wa ndani, anatunga sindano kwa uzi mweupe, na chini ya mfuko ule, kwenye bitana, anapiga mshono mmoja mfupi kama punje ya mchele. Pembeni yake iko mishono mingine, imepangwa mitano mitano. Kila mshono ni harusi moja ambayo koti hilo limehudhuria.

Hili ni koti namba kumi na nne. Anaihesabu mishono kwa ukucha, polepole, kana kwamba hesabu inaweza kubadilika. Thelathini na tisa.

“Jumamosi hii naoa,” anasema akikata uzi kwa meno. “Na huo mmoja uliopungua ndio unaoninyima nguo.”

Bwana Harusi si jina lake. Ni jina alilopewa na mtaa, kwa sababu miaka yote wamemwona akitoka dukani na suti za harusi begani, na hawajawahi kumwona na mke. Ana umri wa miaka hamsini na moja.

“Bwana Harusi, bibi yuko wapi?” wauza viatu wa ng'ambo ya barabara humwuliza kila apitapo.

“Bado anasuka nywele,” huwajibu. Jibu hilo amelitoa mpaka limeota mvi.

Ukweli ni kwamba hakuwa na nafasi. Wazazi wake walifariki akiwa na miaka ishirini na miwili, wakamwachia wadogo watano. Alishona sare za shule, akabadilisha zipu, akageuza kola zilizochakaa, kisha akapata kazi katika duka hili la kukodisha suti, ambako hupunguza, huongeza, husafisha na kupiga pasi. Mdogo wa mwisho alihama nyumbani miaka mitatu iliyopita.

“Siku hiyo nilipika kama kawaida,” anakumbuka. “Chungu kilipoiva nikaona nimepika chakula cha watu sita. Nikakaa nacho.”

Mchumba wake ni mpishi wa shule ya msingi, mjane wa miaka arobaini na sita. Walikutana hapa hapa dukani, kwa ugomvi. Alikuja kurudisha suti aliyokodi mdogo wake, na fundi akaona doa gotini.

“Mafuta haya, dada. Kuna faini.”

“Mafuta?” mpishi akamjibu. “Mimi napikia watoto mia tano kila siku. Mafuta nayajua kuliko ninavyojua jina langu. Hiyo ni nta ya mshumaa. Lete karatasi ya kaki na pasi isiyo ya moto sana.”

Akalaza karatasi juu ya doa, akapitisha pasi mara mbili. Nta ikahama kutoka kwenye suruali, ikaingia kwenye karatasi. Fundi alisimama pembeni akitazama pasi yake mwenyewe ikifundishwa kazi.

“Alipoondoka aliniambia niitunze ile karatasi, nisije nikasahau tena nta inafananaje,” anasema. Anayo. Iko chini kabisa ya kopo la biskuti.

Tarehe ya harusi ilipopangwa, miezi mitatu iliyopita, swali lililowakwaza halikuwa ukumbi wala idadi ya wageni. Lilikuwa hili: fundi anayewavisha wengine atavaa nini yeye? Akodi au anunue?

Suti mpya ya aina hii inauzwa kwa kiasi kinacholingana na mshahara wake wa miezi mitatu na nusu. Kuikodi kwa siku tatu ni sawa na mshahara wa siku sita. Kwa upande wake, jawabu lilikuwa wazi.

“Miaka kumi na tisa nawaambia vijana: kodi, mwanangu. Nguo ya siku moja usiinunue, ada za shule ziko njiani zinakuja,” anasema. “Nikinunua mimi, si nitaonekana nilikuwa nawauzia maneno?”

Mchumba wake alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa amekuja wakati wa mapumziko ya mchana, aproni bado kiunoni, akakaa kwenye stuli ya wateja.

“Shida yangu si kuazima,” alimwambia. “Hata masufuria ya siku hiyo tutaazima. Shida yangu ni Jumatatu. Tunaoana Jumamosi. Jumatatu wewe huyu huyu utalipiga brashi koti la harusi yangu, umvishe mwanamume mwingine, umwambie amependeza. Wiki inayofuata, mwingine. Na mimi nitakuwa napita hapo nje na kikapu changu naliona linatoka na watu. Hapana, baba.”

“Ni nguo tu, mama.”

“Kwako ni nguo. Kwangu ni siku ile.”

Fundi anakiri kwamba siku mbili alishona huku akiyarudia maneno hayo kichwani. Mteja wa kawaida hurudisha koti na asilione tena maishani. Yeye angekuwa bwana harusi pekee mjini ambaye angelikuta koti lake kazini kila Jumatatu, likiwa na jasho la mtu mwingine.

Siku ya tatu alikumbuka sheria ya arobaini.

Sheria hiyo iliwekwa na marehemu mume wa mwenye duka. Koti likishatoka mara arobaini, linastaafu. Mvuke na brashi huwa vimeshaula ukosi, satini inaanza kupauka kwenye kingo, na mtu aliyelipia anastahili kitu kizima zaidi. Koti linalostaafu huuzwa kwa bei ya kulikodi mara mbili tu, na halirudi tena kwenye bomba. Mishono ile midogo ndiyo ushahidi. Daftari linaweza kupotea, bitana haipotei.

“Siku za mwizi arobaini,” mwenye duka hupenda kusema, “na za makoti yangu arobaini.”

Kati ya makoti yote yaliyokaribia kustaafu, ni moja tu ambalo fundi alidhani linaweza kumwenea. Namba kumi na nne lina vidole vitatu vya kitambaa cha ziada kila ubavu, vimejificha ndani ya mshono. Katika duka hili nguo haikatwi, hiyo ndiyo amri ya kwanza. Mteja akiwa mwembamba, koti hupunguzwa kwa mishono mirefu ya kushikiza tu, ili Jumatatu ifumuliwe na kitambaa kimsubiri mnene ajaye. Kumi na nne limevaliwa na mwashi, dereva wa lori, daktari wa meno, na mapacha wawili waliooa miaka tofauti na wasiolingana unene.

“Linasamehe hili,” fundi anasema, akilipapasa bega. “Kuna makoti yana kinyongo.”

Wakati ule lilikuwa na mishono thelathini na nne. Ilibaki sita, na mbele yake kulikuwa na Jumamosi kumi na mbili. Alipomweleza mchumba wake, mpishi aliona hesabu inakaa vizuri. Koti likistaafu kabla ya siku yao, watalinunua, na halitaitwa kazini tena.

“Hapo ndipo shetani aliponivutia kiti,” fundi anasema.

Kila mwanamume aliyeingia dukani, mkono wa fundi ulikuwa tayari uko kwenye namba kumi na nne. Wengi liliwafaa kweli. Lakini katika wiki ya saba aliingia mwalimu kijana, mwembamba kama henga ya nguo. Namba tisa lilikuwa limeshonwa kana kwamba fundi aliyelishona alimfahamu. Bwana Harusi akapita mbele ya namba tisa, akaleta kumi na nne.

Alibana pini ubavuni, akabana mgongoni, akashikiza kwa uzi. Mbele lilikaa kama picha. Nyuma, kitambaa chote kilikusanyika katikati ya mabega, kikakunjamana kama kiuno cha gunia lililofungwa kamba.

“Mteja haoni mgongo wake,” anasema, sauti imeshuka. “Nikasimama nyuma yake, nikaushika ule mkunjo kwa vidole, kwenye kioo ukapotea. Akaniambia, ‘Fundi, umenibadilisha.’ Nami nikaitikia, ‘Amina.’ Kwa kinywa hiki.”

Mchana huo alitoka nje. Wauza viatu walimwuliza bibi yuko wapi, akapita ameinamisha kichwa, wakadhani amefiwa. Jioni alikwenda kusali kama ilivyo desturi yake.

“Nilishindwa. Ukiwa kwenye ibada, mbele yako kuna nini? Migongo. Watu mia mbili, migongo mia mbili. Sikuona kingine.”

Kesho yake alimwita mwalimu arudi dukani, akamwambia jana alikosea.

“Umekosea wapi, fundi? Mbona limenikaa?”

Fundi akampa kioo cha mkono, akamgeuza. Mwalimu akaangalia kwa muda.

“Aisee,” akasema. “Na siku yenyewe si tutawapa watu mgongo saa nzima.”

Akachukua namba tisa. Jumamosi hiyo namba kumi na nne lilibaki kwenye bomba, halikwenda popote. Huo ndio mshono uliopungua.

Tunapozungumza, mikono yake haisimami. Ananyunyizia makwapa ya makoti maji yenye siki kidogo, anayapiga mvuke, anasugua kola kwa brashi ya meno. Nikimwuliza kama anajua lolote kuhusu watu wanaovaa makoti haya, anaangua kicheko. Dereva ana mkono mmoja uliochomwa na jua, ule wa dirishani. Mwashi shingo yake haifungi kifungo cha juu. Karani wa benki hukaa na mgongo ulioinama hata akiwa amesimama. “Mwili unasema kazi yake kabla mtu hajafungua mdomo,” anasema.

Saa tatu kamili mwenye duka anaingia. Ni mama wa miaka sitini na minane, funguo zinaning'inia shingoni kwa utepe. Aliwahi kuwa fundi kabla macho hayajachoka. Bwana Harusi anaweka pasi pembeni. Inaonekana wazi kwamba maneno haya ameyafanyia mazoezi.

“Mama, nina ombi.”

“Kama ni likizo, nimeshakupa. Siku tatu, na ya nne ya kutafakari ulichofanya.”

“Ni hili koti. Lina thelathini na tisa. Naomba uniuzie leo kama lililostaafu.”

Mama analifunua koti, anahesabu kwa ukucha, kama fundi alivyofanya. “Thelathini na tisa si arobaini.”

“Imebaki moja tu, Mama.”

“Na mimba ya miezi minane imebaki mmoja tu. Umewahi kuona mtu akaivuta?” Analirudisha koti kwenye henga. “Marehemu aliuza koti moja la thelathini na nane kwa rafiki yake. Wiki hiyo hiyo wakaja watu saba, kila mmoja ana rafiki. Siwezi.”

Fundi anaitikia kwa kichwa. Anaichukua pasi, anairudisha tena ilipokuwa. Mama anamtazama, anaelekea mbele ya duka, kisha anasimama mlangoni.

“Jumamosi hii nani kalichukua?”

“Hakuna. Liko huru.”

“Na wewe Jumamosi una shughuli gani?”

“Si ndiyo naoa, Mama.”

“Haya. Bwana harusi asiye na nguo, mjini hapa huenda wapi?”

Pasi inatoa mvuke peke yake. Fundi anaangalia koti, anamwangalia mama, anaangalia tena koti.

“Huja hapa,” anasema polepole.

“Basi zunguka upitie mlango wa mbele kama wateja wengine. Huku nyuma ni kwa wafanyakazi.”

Mtu aliye nje ya duka anaweza kushangaa kwa nini jambo dogo hivi halikumjia kichwani kwa miezi mitatu. Jibu analitoa mwenyewe, akiwa tayari amesimama juu ya kibao cha kupimia mbele ya kioo kikubwa, mahali ambapo hajawahi kusimama. Katika miaka kumi na tisa hajawahi kuingiza mkono wake ndani ya koti lolote la duka. Aliapa hivyo wiki ya kwanza. “Ukilivaa mara moja, utaanza kuwaonea watu wivu,” anasema. Anajua vipimo vya mwashi na vya mwalimu kwa moyo. Vyake hakuwa anavijua.

Mama anapima kwa futi, anataja namba kwa sauti, anaziandika mwenyewe. Koti linapanda mikononi, linatua. Anarudi nyuma hatua moja, anakunja uso.

“Bega lako la kulia limeshuka. Kidole kizima.”

“Haiwezekani, Mama.”

“Pasi ya kilo nne, miaka kumi na tisa. Ulitaka lipande?”

Fundi anacheka, halafu kicheko kinamwishia njiani. Anayewasoma wengine mabega anajitazama kama mtu aliyekutana na jirani asiyemfahamu. Mama anampachika kipande chembamba cha pamba chini ya bitana ya bega, anakishikiza kwa pini. Mabega yanalingana.

“Mgongo je?” fundi anauliza.

“Mgongo uko sawa.”

“Nishikie kioo, Mama. Nione mwenyewe.”

Anaangalia kwa muda mrefu. Hakuna mkunjo. Anashuka kwenye kibao, anakwenda kaunta na kulipa kodi ya siku tatu, kiasi kamili. Mama alitaka kumpunguzia, fundi akakataa. Anataka mshono wa arobaini uwe wa haki kama iliyoutangulia.

Saa saba mchana mpishi anafika na kikapu mkononi, harufu ya vitunguu ikimtangulia. Anaelezwa yote akiwa amesimama.

“Kwa hiyo umekodi,” anasema.

“Nimekodi.”

“Na Jumatatu?”

“Jumatatu litakuwa na arobaini. Linastaafu asubuhi, nalinunua asubuhi hiyo hiyo. Halitoki tena na mtu.”

Mpishi anaweka kikapu chini, anafuta mikono kwenye aproni mara mbili, anaomba aonyeshwe. Anapitisha vidole juu ya ile mishono midogo, mmoja mmoja, kama anayechambua mchele.

“Hawa wote wameolea humu?”

“Thelathini na tisa.”

“Na bado wako na wake zao?”

“Sijui. Mimi nawaombea Jumatatu tu.”

Anawaza. “Sufuria iliyozoea moto haiunguzi,” anasema mwishoni, zaidi kwa koti kuliko kwa mtu. “Sawa. Lakini huo wa arobaini nitaushona mimi. Na sitatumia uzi mweupe.”

“Wa rangi gani?”

“Utauona.”

Mpango wa fundi sasa unajulikana na mtaa mzima, kwa sababu wauza viatu wameshapewa habari na wameanza kubishana nani atashika mwavuli. Jumamosi atavaa namba kumi na nne. Jumatatu, siku ya kwanza ya likizo yake, atakuja dukani saa moja kasoro robo kama kawaida, atalilaza koti mezani na kuweka kiganja mgongoni mwake. Safari hii atajiombea mwenyewe. Kisha atalibeba kwenda nyumbani na kulitendea jambo ambalo hajawahi kulitenda kwa koti lolote la duka hili.

Anafungua droo, anatoa mkasi mkubwa uliopakwa mafuta.

“Nitafumua mishono yote ya kushikiza, nipige ya mashine, halafu nikate,” anasema. “Kitambaa chote cha ziada. Lisimwenee mtu mwingine duniani.”

Mpishi ameshafika mlangoni na kikapu chake. Anageuka.

“Unakata kiasi gani?”

“Vidole vyote vitatu.”

Anampima kwa macho, kuanzia kifuani kushuka tumboni, bila haraka.

“Mimi ni mpishi,” anasema. “Kata kimoja.”